UZI: ANC wa Afrika Kusini wamepata asilimia 40 tu, sasa wanatafuta mchumba. Hivi mpiga kura huwa anaulizwa saa ngapi?

#1 Kidole cha Wino (3 Juni 2024)
Wakuu salama.

Leo jioni nilikuwa kwa kinyozi hapa Makole, redio inarudia matokeo ya Afrika Kusini. ANC, chama tawala, asilimia 40.18, viti 159 kati ya 400. DA, wapinzani wakuu, 87. MK, chama kipya cha rais wa zamani mzee Zuma, 58. EFF ya Malema 39. Kumpata rais bila kumtegemea mtu unahitaji 201, na hakuna aliyezifikia. Kinyozi akazima mashine, kichwa changu kiko nusu, akaniuliza: "Kwa hiyo wanarudia?" Nikamwambia hawarudii, wanakaa mezani wanaunda serikali ya mseto. Akasema: "Yaani mimi naipigia Simba kura kwa sababu Yanga siitaki, halafu Jumatatu naamka nasikia wameungana, na kadi yangu ya uanachama ni ileile?"

Nilikosa jibu. Hoja yangu ni hii: kwenye karatasi ya kura hakuna mahali palipoandikwa "mseto". Nani kawatuma hawa? Karibuni, matusi hapana.

#2 Nipo Paleee
Nimekaa pale na karanga zangu. Waje wajuzi.

#3 Mahesabu ya Mtaa
Hakuna cha kujadili, mleta mada. Zuma kaondoka na kura za ANC, basi. Bila MK, ANC wangekuwa na zaidi ya nusu na huu uzi usingekuwepo. Mseto wa huko ni ugomvi wa mzee mmoja na chama chake. Wapiga kura hawajasema kitu kipya.

#4 Koroboi
Mahesabu hapana. Umeme ndio uliowamaliza. Mtu unakatiwa umeme masaa manane kwa siku halafu uende ukampigie kura? Hapa kwetu mgao wa mwanzoni mwa mwaka huu tu, kabla mtambo wa Bwawa la Nyerere haujawashwa, mashine yangu ya kusaga ya Nkuhungu ililala mpaka wateja wakahamia kwa mwenye dizeli. Hawajarudi mpaka leo. Mpiga kura naye ndivyo alivyo, akishahama kahama.

#5 Shangazi wa Area C
Mimi biashara yangu ni vyumba, na mwezi huu wa bajeti vimejaa mpaka nalala kwa mdogo wangu. Ila nauliza kama mjinga: wakati wanazungumza, nchi inaongozwa na nani?

#6 Mwalimu Mstaafu
Shangazi, hujauliza kijinga. Serikali iliyokuwepo inaendelea mpaka rais mpya aapishwe. Na hawana muda wa kuzungusha, maana katiba yao inataka Bunge jipya likae ndani ya siku 14 tangu matokeo yatangazwe, na kikao cha kwanza ndicho kinachomchagua rais. Matokeo yametangazwa jana tarehe 2. Hesabuni wenyewe.

Koroboi, mgao wao wa umeme ulikuwa umesimama tangu mwishoni mwa Machi. Watu wamepiga kura taa zinawaka.

Mahesabu, jina lako na kazi yako havipatani. Mwaka 2019 ANC walipata kura milioni 10.03. Safari hii milioni 6.46. Zimepotea kama milioni 3.57. MK wote kwa pamoja wamepata milioni 2.34. Hata ukimpa Zuma kila kura ya MK, na si zote zilitoka ANC, bado kuna kura zaidi ya milioni moja hazionekani. Ziko wapi?

#7 Koroboi
Ziko nyumbani zimelala, Mwalimu. Na kuhusu taa: aliyekulaza giza mwaka mzima, akiwasha miezi miwili kabla ya uchaguzi ndiyo umsahau?

#8 Mjomba wa Gauteng (4 Juni)
Wakuu, nimezaliwa Mpwapwa, niko huku Gauteng mwaka wa kumi na tisa, nina uraia wa huku na Jumatano iliyopita nimepiga kura. Ngoja niwaambie ilivyokuwa, maana naona mnahesabu watu kama magunia.

Nilifika kituoni saa mbili asubuhi. Nilitoka saa tisa na robo alasiri. Mashine ya kusoma vitambulisho ilikuwa inakwama, msimamizi anaipulizia kama redio ya mkulima, kisha wanageukia daftari la karatasi. Mwaka huu karatasi za kura ni tatu badala ya mbili, moja ndefu inaning'inia hadi magotini ukiikunjua. Mbele yangu kulikuwa na kijana wa miaka ishirini na kitu, kaja kwa sababu mama yake kamlazimisha. Ilipofika saa saba akaniambia, "Baba, hiki kiti nikipata kazi nitakuja kukinunua," akaondoka. Hakupiga. Huyo ndiye kura yako iliyopotea, Mwalimu.

Mimi niliwapa ANC, kwa kinyongo. Mke wangu, ambaye kwao ni KwaZulu-Natal, aliwapa MK. Mama mkwe yuko kijijini huko, yeye ni wa chama cha IFP, damu. Kwa hiyo nyumba yangu haina wingi wa kutosha. Siku ya matokeo tulikula kimya, kisha mke akasema: "Sasa na wewe utabembeleza." Hakusema ANC watabembeleza, alisema *wewe*.

Kwa hiyo kinyozi wa mleta mada namwelewa sana.

#9 Nipo Paleee
Mjomba una uraia wa huko? Basi ukija Dodoma Bungeni utakaa jukwaa la wageni na sisi wengine 😂

#10 Mjomba wa Gauteng
Nimekubali, mradi mnipitishie kwenye mlenda na ugali wa uwele kwanza.

#11 Babu wa Kongwa (5 Juni)
Mbukwenyi, wajukuu.

Mnataja MK kana kwamba ni kitu cha jana. Kuanzia 1964 hapa Kongwa palikuwa na kambi ya wapigania uhuru. FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA, ZAPU, wote wamepita hapa, kwenye ardhi ambayo Waingereza waliiachia vyuma vya mradi wa karanga. Nilikuwa mtoto. Tulikuwa tunawasikia alfajiri wakikimbia na kuimba, sisi tuko na mbuzi. Nyimbo zao tulizishika bila kujua maana, tukawa tunaziimba machungani. Hao wa ANC ndio walioitwa Umkhonto we Sizwe. Mkuki wa Taifa.

Sasa naambiwa mkuki umekuwa chama kingine na unamchoma aliyeuchonga. Sina la kusema kuhusu mseto. Nimeona tu niliweke hilo.

#12 Mahesabu ya Mtaa
Shikamoo babu. Inauma. Kumbe Zuma alikaa hapo Kongwa halafu leo anawageuka wenzake!

#13 Mwalimu Mstaafu
Mahesabu tena. Zuma alikamatwa 1963 akafungwa miaka kumi Robben Island. Kambi ya Kongwa inafunguliwa yeye yuko gerezani. Kuhusu jina, ANC walikwenda mahakamani kuzuia chama kipya kulitumia, wakashindwa Aprili mwaka huu. Zuma mwenyewe ndiye aliyezuiwa na Mahakama ya Katiba kugombea ubunge, kwa sababu ya kile kifungo cha miezi 15 cha 2021. Chama kikaendelea, na sura yake ikabaki kwenye karatasi ya kura.

#14 Babu wa Kongwa
Marahaba, Mahesabu. Huyo Zuma simkumbuki.

#15 Mzenji wa Makulu (7 Juni)
Mie naona mnazungumza mseto kama mnyama mgeni. Kwetu Zanzibar tuna Serikali ya Umoja wa Kitaifa tangu 2010. Tofauti ni kuwa sisi tuliulizwa. Rais Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF walikutana Novemba 2009, kisha ikapigwa kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 tukasema ndiyo, ndipo ukaja uchaguzi. Ulipoingia kwenye chumba cha kura ulijua wa pili naye ana chake. Kwa hiyo swali la kinyozi lina jibu: mpiga kura anaulizwa *kabla*.

#16 Kidole cha Wino
Mzenji, hapo umenigusa. Lakini 2015 uchaguzi ulifutwa, 2016 CUF wakasusia marudio, umoja ukaenda likizo mpaka Maalim alipoapishwa Makamu wa Kwanza Desemba 2020. Kuulizwa kulisaidia nini?

#17 Mzenji wa Makulu
Kulisaidia kurudi. Kama haikuandikwa mahali, wangerudi wapi?

#18 Jicho la Ndani
Msihangaike, hata Afrika Kusini wameshawahi. 1994 Mandela hakupata wingi ndiyo maana akamchukua de Klerk, yule rais wa mwisho wa enzi ya ubaguzi.

#19 Mwalimu Mstaafu
Jicho, ANC 1994 walipata asilimia 62.65 na viti 252. Wingi walikuwa nao wa kutosha na chenji. Umoja wa wakati ule uliamriwa na katiba ya mpito: chama chenye viti 80 kinatoa naibu rais, chenye 20 kinapata mawaziri. National Party walikuwa na 82, ndipo de Klerk akaingia. Wakatoka katikati ya 1996. Safari hii hakuna katiba inayowalazimisha. Njaa ya viti ndiyo inayowasukuma.

#20 Jicho la Ndani
Sawa Mwalimu, nimekunja mkia. Ila andikeni: watakwenda na Malema. Damu nzito kuliko maji, yule ni mtoto wao.

#21 Mahesabu ya Mtaa
Safari hii naomba nipatie: 159 + 39 = 198. Malema hatoshi.

#22 Mwalimu Mstaafu
Hatoshi. Umefaulu.

#23 Mfugaji wa Chilonwa (9 Juni)
Kila nikifungua redio nasikia fahali wawili hawakai zizi moja. Anayesema hivyo hana ng'ombe. Mimi ninao. Mwaka juzi nilileta dume jipya kutoka mnada wa Msalato, la zamani likiwepo. Siku tatu za mwanzo walivunja ua wa miiba upande mzima, la zamani likapasuka pembe. Siku ya nne wakakaa. Mpaka leo wanakaa. Ila ukiangalia vizuri, la zamani halinywi maji mpaka lile jingine limemaliza, na linajifanya lilikuwa halina kiu. Na majike yanajua.

Kwa hiyo swali langu kwa Mjomba: huko kwenu nani anakunywa kwanza?

#24 Nipo Paleee
"Na majike yanajua" 😂😂 Modi, fungeni uzi, mzee kamaliza.

#25 Mjomba wa Gauteng
Mfugaji, hapo ndipo penye mazungumzo yote. Malema alisema mapema anataka Wizara ya Fedha. Yaani alitaka kulala na ndoo kabisa. DA wao hawapigi kelele, wanataka waandikiwe kila kitu. ANC wanatupa neno "umoja wa kitaifa" ili isionekane wamekwenda kwa mtu mmoja. Wanaita kila mwenye kiti, hata mwenye kiti kimoja.

#26 Koroboi
Yaani kama kamati ya harusi. Unaita ukoo mzima ili aliyetoa pesa asionekane peke yake.

#27 Wakili wa Mtaani (11 Juni)
Niwarudishe nyumbani kidogo. Wengi mnadhani jambo hili haliwezekani hapa Dodoma. Kwa rais, karibu haliwezekani: tangu mabadiliko ya katiba ya 2000, ibara ya 41 inasema mshindi ni aliyepata kura nyingi kuliko mwingine yeyote, hata asilimia 35. Kabla ya hapo alihitaji zaidi ya nusu. Lakini someni ibara ya 51. Waziri Mkuu anateuliwa ndani ya siku 14 kutoka kwa wabunge wa majimbo wa chama chenye wabunge wengi, na *kama hakuna* chama cha namna hiyo, anateuliwa anayeelekea kuungwa mkono na wabunge walio wengi. Walioandika walishawaza siku hiyo. Mlango upo, haujawahi kufunguliwa tu.

#28 Shangazi wa Area C
Wakili, siku hiyo ikifika naomba wazungumze mwezi mzima. Wawili wawili, kila chama na wapambe wake, kila mmoja chumba chake. Bei nitawafanyia.

#29 Jicho la Ndani
Mlango upo ila huku mbunge ana jimbo. Mimi nikimchagua mtu wangu wa jimbo akaenda upande mwingine, naijua nyumba yake, najua anakonunua nyama. Huko kwa Mjomba wabunge wanatoka kwenye orodha ya chama, chama kikisema geuka wanageuka. Ndiyo maana mseto kwao ni rahisi.

#30 Kidole cha Wino
Unajua anakonunua nyama, lakini ulishawahi kumgeuza?

#31 Jicho la Ndani
Tusifike huko mkuu.

#32 Mahesabu ya Mtaa (14 Juni)
Jana tumesomewa bajeti hapa trilioni 49.35, leo treni ya umeme imeanza Dar–Morogoro, na Cape Town wanachagua rais kwenye ukumbi wa mikutano kwa kuwa Bunge lao liliungua 2022. Siku ya kukaa na redio.

#33 Koroboi
Dar–Morogoro. Makao makuu ya nchi tunasubiri kituoni na mabegi.

#34 Mjomba wa Gauteng (14 Juni, usiku)
Wakuu, imekwisha. Kikao kimeanza asubuhi na mpaka mchana DA walikuwa bado hawajasaini. Steenhuisen, kiongozi wa DA, katangaza makubaliano wakati upigaji kura unaendelea. Spika ni Thoko Didiza wa ANC, naibu wake wa DA. Urais: Ramaphosa wa ANC kura 283, Malema 44. Wabunge wa MK hawakutokea kabisa.

Na KwaZulu-Natal, leo hiihii: MK waliongoza kwa viti 37 kati ya 80, lakini IFP, ANC, DA na NFP wamejumlisha 41. Dhidi ya 39 vya waliobaki. NFP ana kiti kimoja, na hicho ndicho kimeamua. Waziri mkuu wa jimbo ni wa IFP.

Nilimpigia mama mkwe kumpongeza, chama chake kimeshinda. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Miaka ya tisini mwanzoni, IFP na ANC wakiuana huko, nyumba yake ilichomwa na kaka yake hakuonekana tena. Akaniambia, "Mkwe, tulizikana kwa ajili yao. Leo wanagawana chai. Ni vizuri. Lakini walioniambia nichukie hawajaja kuniambia niache." Kisha akaniuliza kama watoto wamekula.

#35 Nipo Paleee
Nimeweka karanga pembeni.

#36 Kidole cha Wino
Mfikishie shikamoo yangu mama.

#37 Mzenji wa Makulu
Pemba wapo wengi kama yeye.

#38 Mfugaji wa Chilonwa (15 Juni)
Kwa hiyo mke wako, ambaye chama chake kimeongoza jimbo zima na kimekaa nje, anasemaje?

#39 Mjomba wa Gauteng
Anasema wameibiwa. Nikamwambia 37 haijafika 41. Akaniambia 40 yenu nayo haikufika 50 na mmepata rais. Nimetoka nje kuosha gari.

#40 Wakili wa Mtaani (24 Juni)
Wanaouliza nani anakunywa kwanza: kwenye tamko lao la makubaliano kuna kifungu kwamba wasipoafikiana wote, uamuzi unapita kama vyama vinavyobeba asilimia 60 ya viti vya Bunge vimekubali. Asilimia 60 ya 400 ni 240. ANC na DA ni 246. Hakuna njia ya kufika 240 ndani ya umoja huo bila wote wawili. Kwa hiyo maji wanakunywa pamoja au hanywi mtu.

#41 Mfugaji wa Chilonwa
Hiyo imeandikwa kwenye karatasi. Ng'ombe hawasomi.

#42 Jicho la Ndani (1 Julai)
Baraza limetoka jana usiku. Mawaziri 32, manaibu 43! DA sita, Steenhuisen kapewa Kilimo. IFP wawili. Hata PAC wenye kiti kimoja wana waziri. Sikieni, huu si umoja, ni sinia la pilau.

#43 Mahesabu ya Mtaa
Kenya 2008 mawaziri walikuwa 40 kwenye nusu mkate. Hawa wana nafuu.

#44 Koroboi
Naweka dau. Kuku wawili wa kienyeji na chupa ya mvinyo wa hapahapa: huu mseto haufiki Krismasi.

#45 Wakili wa Mtaani
Nimepokea dau. Unafika. Hakuna anayetaka kurudi kwenye foleni ya Mjomba.

#46 Kidole cha Wino
Nimerudi kwa kinyozi leo. Nikampa majibu yote: kaulizwa kabla, kaulizwa kwa kukaa nyumbani, hakuulizwa kabisa, njaa ya viti, orodha ya chama, fahali wa Chilonwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Inamisha kichwa."

#47 Koroboi
Wakili, kuku wa kienyeji nimesema. Usije ukaniletea wa kisasa.

#48 Shangazi wa Area C
Waheshimiwa wameshaondoka, vyumba viko wazi. Elfu arobaini, maji ya moto yapo, chai asubuhi ipo. Mjomba ukija na mama mkwe na shemeji nitawapa vitatu vinavyotazamana.

#49 Mjomba wa Gauteng
Shangazi, mke anauliza kama chai ni ya maziwa.